Keki, Imani na Sheria: Anayekataliwa ni Mtu au Ujumbe?

Watu wengi hudhani sheria za uhuru wa dini Marekani zilitungwa ili kuwabana wapenzi wa jinsia moja. Sivyo zilivyoanza. Chanzo chake ni wanaume wawili wa Oregon, waumini wa Native American Church, kanisa la wenyeji asilia wa Marekani, waliofukuzwa kazi kwa kutumia peyote, mmea unaolevya, katika ibada yao, kisha wakanyimwa mafao ya kukosa ajira. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria inayomhusu kila mtu, isiyolenga dini yoyote, haimlazimu mtunga sheria kumpa muumini ruhusa ya kutoifuata.

Watu wa dini mbalimbali na watetezi wa haki za kiraia walikuja juu kwa pamoja. Mwaka 1993 Seneti ikapitisha Sheria ya Kurejesha Uhuru wa Dini kwa kura 97 dhidi ya 3, na Rais Clinton akaitia saini. Tangu hapo, serikali ya shirikisho ikimbebesha muumini mzigo mzito katika dini yake, sharti ioneshe ina sababu nzito kweli na kwamba haikuwa na njia nyepesi zaidi. Sheria dada yake ndiyo iliyompa mfungwa Mwislamu wa Arkansas haki ya kufuga ndevu za nusu inchi, mwaka 2015. Naipenda familia hii ya sheria. Mnyonge wa imani anahitaji ngao.

Ila ngao inaweza kugeuzwa rungu. Mwaka huohuo wa 2015, Gavana Mike Pence wa Indiana alisaini sheria ya jimbo iliyopanuka mno: hata kampuni ingeweza kujitetea nayo, tena katika kesi ambayo serikali si mhusika. Kampuni kubwa zilipinga, na siku saba baadaye Pence akasaini marekebisho yanayokataza kuitumia kama kinga ya kumnyima mtu huduma, nyumba au kazi. Siku hizi nikisoma muswada wowote wa aina hii, kifungu hicho ndicho ninachokitafuta kwanza.

Sasa tuje kwenye keki, maana humo ndimo sheria inamopimwa kwelikweli. Mwaka 2012 Charlie Craig na David Mullins waliingia kwenye duka la Jack Phillips, Lakewood, Colorado, wakiwa na mama yake Craig. Walitaka keki ya harusi yao. Phillips akawaambia atawauzia keki za siku ya kuzaliwa na biskuti, lakini si keki ya harusi ya jinsia moja. Kabla hata hawajazungumzia muundo wala maandishi, mazungumzo yakaishia hapo.

Linganisha na Belfast, 2014. Mteja aliagiza keki yenye maneno ya kuunga mkono ndoa ya jinsia moja. Duka la Ashers lilipokea pesa, kisha wenye duka, familia ya Kikristo, wakamrudishia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa kalamu ya Lady Hale, iliwapa ushindi: maneno yale wangemkatalia mteja yeyote, awe nani awe nani, na mteja yule angeuziwa keki nyingine yoyote.

Kipimo hicho nakikubali kwa moyo wote. Mwenye duka asilazimishwe kuandika asichokiamini. Lakini kwa kipimo hichohicho, Phillips hakuwa na haki: keki ambayo angewauzia bibi na bwana harusi, aliwanyima wale wawili kwa jinsi walivyo. Kweli alishinda katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018, kwa kura 7 dhidi ya 2, lakini ni kwa sababu tume ya haki za kiraia ya Colorado iliidharau imani yake wakati wa kumsikiliza. Jaji Kennedy, mwandishi wa uamuzi huo, aliandika wazi kwamba pingamizi la dini, kwa kawaida, halimruhusu mfanyabiashara kuwanyima watu wanaolindwa na sheria huduma sawa. Hoja kama hizi zina historia: mwenye migahawa ya Piggie Park, South Carolina, alidai sheria ya haki za kiraia inapingana na mapenzi ya Mungu ili asiwahudumie Weusi. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu iliona hoja hiyo haina mashiko hata kidogo.

Mwaka 2023 ndipo mpaka ulipovurugika. Lorie Smith, mbunifu wa tovuti wa Colorado, alishinda katika mahakama hiyohiyo kwa kura 6 dhidi ya 3, safari hii kwa uhuru wa kujieleza, akapata haki ya kutotengeneza tovuti za harusi za jinsia moja. Naona mahakama ilichanganya mambo. Tovuti yenye majina, tarehe na ramani ya ukumbini haihubiri chochote. Ukiwakubalia wanandoa hawa na kuwakatalia wale, umebagua watu.

Phillips naye alirudi mahakamani. Mwanamke aliyebadili jinsia aliagiza keki ya rangi ya waridi ndani na buluu nje, isiyo na neno hata moja, kisha akaeleza kwamba rangi hizo zinaashiria mabadiliko yake. Phillips akakataa. Mahakama ya rufaa ya Colorado ilisema mwaka 2023 kwamba keki hiyo haikuwa na ujumbe wowote. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta kesi kwa kasoro za utaratibu, na swali la rangi likabaki bila jibu.