Kabla ya Kusasisha Maktaba Inayosoma Picha za Wagonjwa

Mgonjwa anaweza kupigwa CT skani Arusha asubuhi, na jioni picha hiyo ikasomwa Moshi, kilometa 80 hivi kutoka hapo, pale KCMC wanakopelekwa wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Kaskazini. Ndugu anabeba sidii ndani ya bahasha, au picha inatangulia kwa mtandao. Mashine iliyopiga ni ya kampuni moja, kompyuta inayoonyesha ni ya kampuni nyingine, na bado picha inafunguka. Kinachowezesha hilo ni DICOM, utaratibu wa pamoja wa kuhifadhi na kusafirisha picha za kitabibu. Ulizaliwa na kamati iliyoundwa Marekani mwaka 1983 na chama cha wataalamu wa radiolojia pamoja na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme. Jina DICOM lenyewe lilikuja mwaka 1993.

Faili la DICOM hubeba mengi kuliko picha. Linaanza na baiti 128 za utangulizi, kisha herufi nne, DICM, halafu msururu wa lebo: jina la mgonjwa, namba yake, tarehe ya kuzaliwa, aina ya mashine, unene wa kila kipande, na kwa kawaida mwishoni ndipo zinakuja namba za pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Mwandishi wa programu haanzi kuyasoma haya yote kwa msimbo wake mwenyewe. Anachukua maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa na wengine. Kwa wanaotumia lugha ya Python, inayojulikana zaidi ni pydicom, iliyoanza mwaka 2008. Ni ya bure, na yeyote anaweza kuifungua na kuikagua.

Kila ninapozungumza na vijana wa TEHAMA wa hospitali zetu juu ya kusasisha maktaba hiyo, swali ni lilelile: kama inafanya kazi, kwa nini tuiguse? Nawaelewa. Jumatatu foleni ya wagonjwa kutoka Rombo, Same na Mwanga imefika mlangoni, na hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyezima picha. Lakini kukaa na toleo la zamani nako kuna gharama. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba ndani ya zile baiti 128 za mwanzo unaweza kufichwa mwanzo wa programu hasidi, na faili likaendelea kufunguka kama picha ya kawaida. Kasoro hiyo imo katika muundo wa faili lenyewe, lakini kasoro za maktaba hurekebishwa katika matoleo mapya, si katika lile ulilolisahau kwenye seva tangu mtangulizi wako alipohama.

Kuna mabadiliko yanayopiga kelele, na hayo hayanitishi. Pydicom toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2024, liliondoa amri ya zamani ya kufungua faili, read_file, na kubakiza dcmread. Programu ya zamani itagoma palepale, utasoma ujumbe wa kosa, utabadilisha neno, basi.

Ninachokihofia ni kinachobadilika kimyakimya. Katika toleo hilohilo la 3.0, picha za rangi zilizohifadhiwa kwa mfumo wa YBR, unaotenga mwangaza na rangi, hugeuzwa bila kuombwa kuwa RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu. Zamani mwandishi wa programu alilazimika kuzigeuza mwenyewe, na wengi waliandika mstari huo. Sasa fikiria programu hiyo inapokutana na maktaba mpya: maktaba inageuza, kisha programu inageuza tena. Hakuna ujumbe wa kosa. Picha inaonekana, ila rangi si zake. Kwenye ultrasaundi ya Doppler, nyekundu kwa kawaida ni damu inayokuja upande wa kipimio na bluu ni inayoondoka, kwa hiyo rangi ile ni taarifa ambayo daktari anaitumia kuamua jambo juu ya moyo wa mtu.

CT skani ina kipimo kizuri zaidi cha kukamata makosa ya aina hii, na nasikitika kwamba watu wa kompyuta hawakitumii. Katika kipimo kilichopewa jina la Hounsfield, mmoja wa wabunifu wa CT skani, maji ni 0 na hewa ni -1000. Namba iliyo ndani ya faili haiko hivyo moja kwa moja. Lazima izidishwe kwa lebo moja na kujumlishwa na nyingine, ambayo mara nyingi ni -1024. Wateknolojia wa mionzi huwa na chombo cha maji wanachokipiga kuhakiki mashine. Waombe faili lake. Lisome kwa toleo la zamani na kwa jipya, upate wastani wa katikati ya chombo. Ukiona 1024 badala ya namba iliyo karibu na 0, hatua hiyo imerukwa mahali fulani.

Jambo jingine ni letu zaidi. Matoleo mapya hukagua lebo kwa ukali kuliko ya zamani. Tarehe ya kuzaliwa inatakiwa iwe na tarakimu nane, mwaka, mwezi na siku, wakati bibi aliyetoka Marangu anajua mwaka tu, na karani ameandika 1948 peke yake. Pydicom hukuruhusu kuchagua iseme nini juu ya thamani kama hiyo: ipuuze, ionye au ikatae. Mimi huanza na kuonya, nikusanye maonyo yote, kisha nikae na watu wa mapokezi. Lebo ya tarehe inaweza kuachwa wazi, na umri ukawekwa kwenye lebo yake, kwa mfano 077Y, yaani miaka 77. Kubuni 1 Januari kunaweza kuwafanya bibi wawili wenye jina moja waonekane mtu mmoja. Majina yenye ng' nayo yaangaliwe: alama ile ikinakiliwa kutoka kwenye simu huwa imepinda, haimo katika herufi za msingi za DICOM, na lebo ya seti ya herufi isipowekwa sawasawa jina hutoka limeharibika.

Mafaili ya kufanyia majaribio yaondolewe kwanza utambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mgonjwa hata pale unapotaka tu kumtumia rafiki faili moja kwa WhatsApp akusaidie kutafuta kosa. Kumbuka pia kwamba jina huweza kuwa limechapwa juu ya picha yenyewe, hasa ya ultrasaundi, na kufuta lebo hakuligusi.

Baada ya hapo, weka toleo jipya kwenye kompyuta ya pembeni, pamoja na vifurushi vinavyofungua picha zilizobanwa, kwa sababu navyo vina matoleo yake. Mwite mteknolojia azitazame picha zilezile kwenye skrini mbili. Macho yake yataona kitu ambacho jaribio lako halikukiuliza. Na ukishahamia, toleo la zamani na orodha ya namba za matoleo vibaki kwenye seva kwa mwezi mzima, ili saa tisa usiku mteknolojia akisema picha hii siyo niliyoizoea, aliye zamu aweze kulirudisha bila kumsubiri mtu aamke.