Si kila tusi ni matamshi ya chuki

Siku hizi mwanasiasa wa Kenya akiitwa mwizi hadharani, wafuasi wake huitaka NCIC, yaani Tume ya Uwiano na Utangamano, imkamate msemaji kwa "matamshi ya chuki". Hapana jamani.

Matamshi ya chuki ni maneno yanayochochea watu wachukie kundi fulani kwa asili yake. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha kinayaweka matamshi hayo nje ya uhuru huo, pamoja na propaganda za vita na uchochezi wa ghasia.

Mkanganyiko unatokana na Sheria ya Uwiano ya 2008. Kifungu chake cha 13 kweli kinataja maneno ya vitisho na matusi, na wengi husoma mpaka hapo tu, wakafunga kitabu. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito: lazima msemaji awe na nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au hali ilivyo ionyeshe kwamba chuki hiyo huenda ikachochewa. Kabila, rangi, uraia, asili ya taifa. Cheo hakimo. Wabunge si kabila, ingawa wakati mwingine wanajitetea kama ukoo mmoja.

Ndiyo maana ukali wa neno si kipimo. "Madoadoa" ni neno la kawaida kabisa, la chui na kanga, lakini katika siasa za Bonde la Ufa limetumika kuwaita majirani wageni wa kung'olewa, na mwaka 2022 NCIC ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Jukwaani Eldoret linaweza kuwa hatari kuliko "mwizi" mara kumi.

Na uvumilivu? Sheria ya haki za binadamu humdai zaidi mwenye madaraka. Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilisema hivyo mwaka 2014 katika kesi ya Konaté, mwandishi wa habari aliyefungwa Burkina Faso kwa kumtuhumu mwendesha mashtaka: watu wa umma hukosolewa zaidi ya raia wa kawaida, na kifungo kwa kosa kama hilo kilipita kiasi.

Basi mheshimiwa akiitwa mwizi naye si mwizi, kesi yake inaitwa kuchafuliwa jina. Afungue madai ya fidia, alete ushahidi wake. NCIC haimo humo.