Ule mkia wa nyigu si mwiba wa kuchoma watu, na mengine nimechoka kuyasikia

Wiki hii tena. Mama mmoja katoka Kabare na chupa ya maji ya plastiki, ndani kuko mdudu mweusi mwembamba, mikia mitatu mirefu kupita mwili wake wote, kifuniko amekikaza kabisa na bado chupa anaishikilia mbali na mwili. "Agronomu, hii njo ile inauaka batu?" Nikamwambia hapana mama, hachomi mtu huyo. "Sasa hii sindano yote ni ya nini?"

Swali zuri. Nimelijibu sokoni Kadutu, nimelijibu kwenye simu, hata mlangoni pa kanisa, na nikimaliza kujibu nasikia nyumbani wamempulizia dawa. Basi leo naliandika lote.

Mdudu huyo ni nyigu, na ile sindano ni ovipozita, mrija wa kutagia mayai. Jike tu ndiye anao. Mdudu wa mama alikuwa ameshakufa, nikamweka kwenye karatasi nyeupe, nikampa mama lupu, kioo cha kukuzia, ya mara 10 (kila mtu mwenye shamba anunue lupu, mimi sitaacha kusema hilo). Akaona mwenyewe: katikati kuko uzi mmoja wa kahawia, mgumu, unang'aa, huo ndio ovipozita, halafu pembeni viko viwili vyeusi vyenye manyoya madogo madogo, hivyo ni ala tu, kama ala ya kisu, kazi yake kuufunika ule wa katikati. Mdudu akiwa mzima vyote vinalala pamoja unaona mkia mmoja, akikauka vinaachana, ndipo watu wanakuja kuniambia ana sindano tatu.

Tena ule uzi wa katikati wenyewe si kitu kimoja. Ni vipande, kimoja juu na viwili chini, vimeshikana kwa vijireli kama droo ya meza na vinateleza mbele na nyuma, hiki kinaingia kile kinashikilia, halafu vinabadilishana, ndiyo maana mdudu mwepesi hivyo anaweza kutoboa mti mpaka kumfikia funza aliye ndani bila kusukuma kwa nguvu. Kuna aina ambazo ncha imeongezewa madini, zinki au manganizi, ili isiishe makali. Na ncha hiyo inaonja: anajua kama mwenyeji, yaani mdudu atakayeliwa na mtoto wake, yuko, na wengi wanatambua hata kama nyigu mwingine ameshataga pale. Yai linapita humo humo, linabanwa linakuwa refu jembamba, likifika ndani linarudia umbo lake. Chombo cha namna hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya funza, wewe hauko kwenye hesabu yake.

Hapo mtu ananikata, "lakini nyigu wa kwenye dari ananichoma!" Ndiyo, anakuchoma, juu mwiba wake na wa nyuki vilitokana na ovipozita hiyo hiyo. Kwa ukoo wao chombo kiliacha kupitisha mayai kikabaki cha sumu tu, na yai likawa linatokea kwenye tundu karibu na shina la mwiba. Ndiyo maana dume wa nyuki hana cha kukuchoma nacho. Hawa wenzao wamebaki na kazi ya zamani, kutaga. Wengi wanatia sumu kidogo pamoja na yai, lakini ni ya kumlegeza kiwavi au kuzima kinga ya mwili wake.

Niseme na hili ili mtu asije kuniita mwongo: kuna wale wa rangi ya chungwa wanaokuja kwenye taa usiku, Netelia na jamaa zake, ukimbana mkononi anaweza kukudunga, na inauma. Lakini angalia ovipozita yake, ni fupi! Ile ndefu inayowatisha ndiyo isiyo na shida.

Halafu acheni kumwita kimelea basi. Kupe ni kimelea, anakunywa damu na ng'ombe kwa kawaida anaendelea kuishi. Huyu ni parasitoidi, mtoto wake anakula mwenyeji na mwisho mwenyeji anakufa. Kwa mkulima hiyo tofauti ni kubwa sana.

Sasa yale mengine ninayoyasikia. "Kiuno kinatenganisha kifua na tumbo." Hata wanafunzi wangu wanaandika hivyo kwenye mtihani. Hapana. Pingili ya kwanza ya tumbo imehamia mbele ikaungana na kifua, inaitwa propodeo, na kile chembamba, petioli, kinaanza nyuma yake. Kiuno kiko ndani ya tumbo lenyewe! Kwa hiyo sehemu ya mbele tunaiita mesosoma na ya nyuma metasoma, ukisema kifua na tumbo unakosea mpaka.

"Ana mabawa mawili kama nzi." Manne. La nyuma lina vindoana vidogo, hamuli, linajifunga kwenye la mbele, wakiruka unaona kama jozi moja.

"Nyigu lazima awe mkubwa." Dume wa nyigu Dicopomorpha echmepterygis anaweza kuwa na milimita 0.139 tu, hana mabawa wala macho. Nyigu mwingine, Trichogramma, anakulia ndani ya yai la kipepeo, yeye na ndugu zake.

"Kiwavi amebeba mayai yake mgongoni." Hii inaniuma, juu mtu anaponda vitu vyeupe kama punje za mchele kwenye kiwavi wa shu (kabichi) akifikiri ameokoa shamba. Kiwavi hatagi, ni mtoto bado! Hizo ni kokuni, vifuko vya nyuzi, za nyigu Cotesia, watoto wake wameshamla kiwavi kwa ndani wakatoka kujifunga nje, na huyo kiwavi hatakuwa kipepeo kamwe. Umeponda askari wako.

Na wanaopenda sombe, majani ya muhogo, wanisikilize. Koshenii ya unga ya muhogo, kadudu keupe kanakofyonza maji ya mmea, ilitoka Amerika ya Kusini, ikaonekana upande wa Kinshasa na Brazzaville mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikamaliza mihogo nchi nyingi. Aliyeishusha ni nyigu wa milimita moja na kidogo, Anagyrus lopezi, alitolewa Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha akapelekwa nchi nyingi za Afrika. Ovipozita yake kwa macho huioni hata. Unachoona ni koshenii iliyovimba, ikakauka, ikawa kahawia na ngumu. Kama ina tundu la duara mgongoni, nyigu ameshatoka, kama haina bado yuko ndani. Ukizikuta hizo kwenye ncha za muhogo wako weka pompe ya dawa chini, nitumie foto kwanza.