Kudhibiti hatari si kumfunga mgonjwa kamba

Huku Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, ukitaja kudhibiti hatari katika huduma za afya ya akili, wengi wanaelewa kuwalinda watu dhidi ya mgonjwa. "Huyu ni mgonjwa hatari, mfungeni kwanza," ndugu wanasema, na wapo watumishi wa afya wanaosema vivyo hivyo. Hilo la watumishi ndilo linaloniuma zaidi.

Maana yenyewe ni fupi: kutambua mapema madhara yanayoweza kumpata mgonjwa au aliye karibu naye, kuyapunguza, na kuangalia upya kila hali inapobadilika. Mgonjwa ndiye wa kwanza kulindwa.

Kosa kubwa ni kuifanya hatari kuwa sifa ya mtu, akaandikwa "hatari kubwa" au "hatari ndogo" kama anavyoandikiwa kundi la damu. Hatari hupanda na kushuka, pengine ndani ya siku moja: amekosa usingizi, amefiwa, dawa zimekwisha. Uingereza wameliona hilo. Mwaka 2022 taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza kwamba fomu za kumpa mgonjwa alama za hatari zisitumike kutabiri nani atajiua, kwa sababu hazitabiri vizuri. Wengi waliokufa walikuwa wamehesabiwa kuwa hatari yao ni ndogo.

Wiki za kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali ndizo zenye hatari kubwa ya kujiua, na ndizo tunazozisahau. Mtu ametoka wodini Lindi mjini, amerudi Liwale, familia imeshukuru Mungu kwamba amepona. Nani atamwona wiki ijayo? Dawa zikiisha atazipata wapi? Asipopangiwa hayo kabla hajaondoka, amri ya "muangalieni vizuri" haimsaidii.

Dawa nazo zimo humohumo. Haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, inaweza kumfanya mtu shingo ipinde, macho yapande juu, ulimi ukaze. Nyumbani watasema jini limerudi, watamfunga, na dawa wataitupa. Kumbe ni madhara ya dawa, yana tiba, na ilitosha familia iambiwe mapema kwamba wakiona hivyo wamrudishe hospitali haraka.

Halafu kuna stoo. Huku kwetu nyumba nyingi za wakulima wa korosho zinaweka salfa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, pamoja na viuatilifu vya maji vya kuua mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, mara nyingine chini ya kitanda. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa nguvu na kupita. Kinachoamua ni kilicho karibu na mkono saa ile. Sri Lanka ilianza kupiga marufuku viuatilifu vikali hatua kwa hatua, na kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Hakuna aliyefungwa kamba ili hilo litokee.

Kwa hiyo muuguzi akiuliza dawa za mikorosho mnaziweka wapi, au akimuuliza mgonjwa waziwazi kama amewaza kujiua, msimwone mbea wala msidhani anampandikizia wazo. Kuuliza hakupandikizi. Hapo ndipo kazi ya kudhibiti hatari inapoanza. Mjibuni ukweli, na ufunguo wa stoo akae nao mtu mwingine.