Kuigeuza megawati moja ya maikrowevu kuwa mwale

Kuzalisha megawati moja ya maikrowevu ni nusu tu ya kazi ya jirotroni, yaani bomba la utupu linalotumia elektroni kuzalisha maikrowevu zenye nguvu kubwa. Nusu ya pili, ambayo ndiyo kazi yangu, ni kuitoa nguvu hiyo nje ikiwa na umbo linalotumika.

Chukua jirotroni zinazopasha joto plazma (gesi yenye joto kali mno) ya Wendelstein 7-X, mtambo wa majaribio ya muunganiko wa nyuklia ulioko Greifswald, Ujerumani. Masafa yake ni gigahezi 140. Urefu wa wimbi ni milimita 2 na kidogo. Ndani ya kaviti, yaani chumba cha shaba ambamo wimbi huzaliwa, wimbi huwa katika modi (mpangilio wa uga wa wimbi) iitwayo TE28,8. Modi tata hivyo huchaguliwa makusudi: huruhusu kaviti kuwa pana, na joto likatawanyika ukutani badala ya kuichoma shaba. Tatizo ni kwamba ukiiacha itoke moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba, nishati husambaa kama koni iliyo tupu katikati. Huwezi kuilenga popote.

Mwaka 1975 Vlasov na wenzake, katika Umoja wa Kisovieti, walionyesha njia ya kutoka. Ndani ya bomba miale hudunda ukutani huku ikipanda kwa kuzunguka, kama ngazi za ndani ya mnara wa msikiti. Ukiukata mdomo wa bomba kwa mzingo huohuo, miale yote hutokea upande mmoja, na kioo cha parabola huikusanya. Ila kingo za mkato hubaki na uga mkali, nao huyapinda mawimbi yakapotea ovyo. Ikipotea sehemu moja kati ya tano, hizo ni kilowati 200 zinazozurura ndani ya chombo.

Denisov na wenzake wa Nizhny Novgorod walilimaliza hilo mwaka 1992, na kwangu hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika fani hii. Ukuta wa bomba huchongwa mabonde yenye kina cha sehemu ndogo sana ya milimita. Mabonde hayo huchanganya modi ya asili na jirani zake kwa vipimo maalumu, hadi nguvu ijikusanye katikati, mbali na kingo. Mkato unapofika, pembeni karibu hakuna kitu cha kupinda. Ufanisi hupita asilimia 95.

Kisha vioo huuelekeza mwale kwenye dirisha la almasi lenye unene wa milimita 1.8, sawa na nusu nne za urefu wa wimbi ndani ya almasi, ambamo wimbi hufupika, ili viakisi vya nyuso zake mbili vifutane. Nje tunaweka bamba la plastiki kwa umbali mbalimbali na kulipiga picha kwa kamera ya joto, mpigo mfupi kila mara. Kutokana na picha hizo tunakokotoa awamu ya wimbi (mahali lilipofika katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka), na hapo ndipo tunapojua vioo vya nje vichongwe vipi.