Amplifaya ya valvu kwa mpiga harmonika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapiga harmonika wengi hununua amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo, kwa ushauri wa wapiga gitaa, na makosa mengi huanzia hapo. Gitaa la umeme hupokea mtetemo wa nyuzi zake, ilhali harmonika, ala ndogo ya kupulizwa kwa mdomo, hupitia maikrofoni, nayo maikrofoni husikia kila kitu, hata spika ya amplifaya yenyewe. Karibu kila dhana potofu ninayoijadili hapa imetokana na kusahau jambo hilo moja.

Inasemwa kwamba bila wati nyingi mtu hawezi kusikika mbele ya ngoma. Ukweli ni kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza ukubwa wa sauti kwa desibeli 3 tu, na kwa kawaida kinachomkwamisha mpigaji ni mluzi, yaani ule ukelele mkali unaozuka sauti ya spika inaporudi kwenye maikrofoni na kukuzwa upya. Mluzi huo humfikia kabla hajatumia hata nusu ya nguvu aliyoilipia. Amplifaya ndogo kama Fender Champ ya zamani, yenye takriban wati 5 na spika moja ya inchi 8, hutosha ukumbini ikiwekewa maikrofoni mbele yake na sauti ikapelekwa kwenye mitambo ya ukumbi. Fender Bassman ya 1959, yenye wati zipatazo 40 na spika nne za inchi 10, inastahili sifa inazopewa, ingawa iliundwa kwa ajili ya gitaa la besi na wala si harmonika.

Wengine huamini kwamba valvu inayokuza zaidi ndiyo bora. Kwa mpiga gitaa hilo lina mantiki. Kwa harmonika, valvu ya 12AX7 katika soketi ya kwanza, yenye kipimo cha ukuzaji cha 100, mara nyingi ndiyo inayoleta mluzi, na ukiibadilisha kwa 12AY7, yenye kipimo cha takriban 44, unaweza kuongeza volumu hadi valvu za mwisho, zile zinazosukuma spika, na spika zenyewe zianze kufanya kazi yake. Bassman niliyoitaja ilitoka kiwandani ikiwa na 12AY7 katika soketi hiyo. Ni badiliko la dakika mbili, amplifaya ikiwa imezimwa na kupoa, na ningeshauri lijaribiwe kabla ya kununua kifaa kingine chochote.

Kuna pia imani kwamba ile sauti nzito yenye mkwaruzo, ambayo Little Walter, mpiga harmonika wa bluzi, aliipatia umaarufu huko Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1950, hutoka kwenye amplifaya peke yake. Sehemu kubwa hutoka kwenye pumzi na viganja. Harmonika na maikrofoni zikifumbatwa pamoja bila mwanya, sauti za juu hupungua, za chini huongezeka, na maikrofoni hupokea msukumo mkubwa kiasi cha kuanza kukwaruza yenyewe. Hata hivyo, maikrofoni ya kuimbia inayosikiliza upande mmoja hupoteza sifa hiyo ikifumbatwa, kwa sababu vidole huziba matundu yake ya nyuma. Kwa hiyo kuielekezea amplifaya mgongo wa maikrofoni ili kuzuia mluzi hakusaidii tena. Afadhali kuisogeza amplifaya mbali kidogo na kupunguza trebo, yaani sauti za juu.

Sauti ikiwa nyembamba, lawama huangukia valvu. Maikrofoni za zamani za kristali, yaani zinazogeuza sauti kuwa umeme kwa kristali, kama Astatic JT-30, huhitaji tundu la kuingilia la amplifaya liwe na ukinzani (kipimo cha kuzuia umeme) wa takriban megaomu 5, lakini amplifaya nyingi za gitaa zina megaomu 1, na hapo besi hupotea hata valvu zikiwa mpya kabisa. Kristali hiyo, ambayo ni aina ya chumvi, huharibika kwenye joto la nyuzi 55, kwa hiyo isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Amplifaya ikipasuka-pasuka au kulia kama kengele, si lazima kununua seti nzima ya valvu. Gusagusa kila moja polepole kwa ncha ya penseli yenye kifutio: ile inayotoa mlio mkubwa kwenye spika ndiyo mbovu. Mvumo mzito usiokoma, kwa upande mwingine, huweza kutokana na kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme ndani ya amplifaya, zilizozeeka, na hilo ni la fundi, kwani kapasita hizo hubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Wala amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika ili “kuipasha moto tu”, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Anayeagiza amplifaya ya zamani kutoka Marekani asidhani kwamba kubadilisha plagi kunatosha. Nyingi ziliundwa kwa volti zisizozidi 120, na zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, heri fyuzi iwahi kukatika kabla ya transfoma.