Kamera zikae begini kwanza

Wengi wakisikia wageni wa filamu wanakuja misheni wanaanza kuhesabu vitanda na neti. Vitanda ni kazi ndogo bwana. Mimi nashika nyumba ya wageni ya misheni hapa upande wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, nimeshapokea vijana wa vyuo vya Kikristo kutoka nje wanaokuja kushuti filamu zao fupi, na siku hizi wakiniandikia kitu cha kwanza nauliza mwezi. Sio Julai wala Agosti, mwezi wa angani.

Sababu ni dagaa. Wavuvi wanaingia ziwani usiku wa giza, wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka taa inakuwa haina kazi na mitumbwi inapumzika mwaloni. Kuna kundi skripti yao yote ilikuwa hizo taa, maana ukiziangalia kutoka pale kanisani utadhani kuna mji majini, wakafika mwezi mpevu. Usiku hamna taa, asubuhi hamna dagaa wa kuanika, vijana wamekaa tu wanapiga picha kunguru. Dairekta wao akaniuliza kwani hatuwezi kuwalipa wavuvi wawashe tu? Nikamwambia akamuulize mwenyekiti wa mwalo mwenyewe, hakwenda.

Kufika siyo shida tena, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025, zamani vifaa vilikuwa vinachomwa jua kwenye foleni ya kivuko. Vibali waanze mapema: Bodi ya Filamu, na droni ina kibali chake Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Barua ya askofu ni nzuri ila haiwi kibali. Mahojiano wafanye asubuhi, mchana upepo wa ziwa ukianza maiki inasikia upepo tu. Na jamani, wasichomeke birika la umeme pamoja na chaja za betri, sola yetu ilishawahi kuzima na friji la masista likiwa limejaa samaki.

Sasa kilichonifanya niweke masharti. Kundi moja lilimwomba mama mmoja jirani ashuke ziwani kuchota maji, na bomba liko hatua chache tu nyuma ya kamera. Mama kwa heshima ya wageni akashuka, akaingia hadi magotini, maji yale yale tunayowakataza watoto kila siku kwa sababu ya kichocho. Mimi niko jikoni, natoka nakuta wamesharudia mara tatu. Nikamuuliza, mama vipi tena? Akacheka, "Mwanangu, wageni wako wamesema ndoo ya bombani haipendezi."

Niliona aibu sana, maana wageni ni wangu kweli.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza kamera zinakaa begini. Wanamenya mihogo, wanageuza dagaa, wanajifunza kusema mwangaluka, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, bila kucheka. Na kabla hawajaondoka wanatundika shuka ukutani pale bwaloni wanaonyesha walichorekodi, mwenye sura yake akisema toa, kinatolewa. Kundi la mwisho yule mama alikuja, akaangalia wee mpaka mwisho, akauliza mbona bomba letu halipo na tulilichangia? Kesho yake saa kumi na mbili vijana wako bombani na kamera, foleni ya ndoo imefika mwembeni, mama mwenyewe anagombana na mtu aliyeruka foleni, wala hana habari nao.